Walilipa Karo kwa Miguu: Vijana wa Nyahururu katika Shule za Japani

Ukimwuliza Mkenya kuhusu vijana waliokwenda kusoma ng'ambo, atakutajia Tom Mboya kabla hujamaliza swali. Septemba 1959 ndege ya kukodi aliyoiandaa iliwabeba wanafunzi 81 hadi Marekani, na miaka michache baadaye idadi yao ilikuwa mamia. Wangari Maathai aliondoka 1960 akaelekea chuo cha masista mjini Atchison, Kansas. Historia hiyo ina vitabu, ina picha, ina mawaziri na maprofesa iliowazaa, na kila baada ya muda gazeti fulani huifukua upya.

Ipo nyingine isiyofukuliwa. Ilianza miaka ya 1980, ikapanda nyanda za juu za Nyandarua na Laikipia hadi Nyahururu, ikavuka bahari na kutua Kofu, Sendai na Hiroshima. Waliosafiri hawakuchujwa kwa mtihani wa hesabu na Kiingereza. Walichujwa kwa saa ya kocha kwenye uwanja wa vumbi. Huko walikofika waliandikishwa kama wanafunzi wa kigeni, wakavalishwa sare, wakakalishwa darasani mbele ya maandishi ambayo hakuna mtu wa kwao aliyewahi kuyasoma. Kurasa za michezo zimewafuata miaka yote hii kwa kuhesabu medali. Kurasa za elimu hazijawahi kuwahesabu, na hapo ndipo ninapoona kasoro.

Bonde la Ufa la kati limezoea watu wanaojifunza lugha za wenyewe. Enzi za ukoloni, kijana wa Kiingereza aliyekuja kulima Njoro au Molo aliokota Kiswahili cha shambani, kile cha kuamrisha na kukemea, na mwaka 1936 F. H. Le Breton alikitungia kitabu cha mazoezi kwa ajili ya askari, masetla, wachimba migodi, wafanyabiashara na wake zao. Miaka mitatu baadaye Lord Maurice Egerton akaanzisha shule ya kilimo huko Njoro kwa ajili ya vijana wa Kizungu. Ndiyo Chuo Kikuu cha Egerton cha leo. Vibarua nao, waliotoka kila pembe ya nchi, walijifunza lugha za vibarua wenzao bila kitabu chochote. Huyo huyo Wangari aliletwa akiwa na miaka mitatu, mwaka 1943, kwenye shamba la setla karibu na Nakuru ambako baba yake alikuwa mfanyakazi.

Kuanzia 1962, chini ya mpango wa ekari milioni moja, mashamba ya masetla yalianza kugawanywa, na Nyandarua ikapokea familia nyingi kuliko karibu sehemu nyingine yoyote. Watoto waliozaliwa kwenye vipande hivyo vya ardhi walikua wakiongea Kikuyu nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza mbele ya mwalimu. Kijapani kilipokuja, kilikuwa lugha ya nne.

Kabla ya Japani ilikuwepo Marekani. Miaka ya 1970 vyuo vya huko viligundua kwamba ufadhili wa masomo mmoja ukimpata Mkenya sahihi unaweza kuleta kombe nyumbani. Henry Rono, kijana wa Nandi, alijiunga na Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington mwaka 1976, na mwaka 1978 akavunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81. Aliyepata nafasi hiyo, hata hivyo, alikuwa tayari amemaliza sekondari na Kiingereza amekijua shuleni. Njia ya Marekani haikuwa na mengi kwa mtoto wa miaka 15 aliyekosa karo ya kidato cha kwanza.

Japani ilikuwa na sababu zake. Wajapani wanaupenda mchezo uitwao ekiden, mbio ndefu za barabarani ambazo wakimbiaji wa timu moja hupokezana ukanda wa kitambaa unaovaliwa begani. Mbio za kwanza za aina hiyo, kutoka Kyoto hadi Tokyo, zilifanyika 1917. Mashindano ya vyuo vikuu ya Hakone yalianza 1920: wakimbiaji kumi, siku mbili, Januari 2 na 3, kutoka katikati ya Tokyo hadi milimani Hakone na kurudi, zaidi ya kilomita 200. Mwaka 1987 televisheni ilianza kuyaonyesha moja kwa moja. Nchi nzima ikiwa mapumzikoni, imekaa kutazama jina la chuo kwenye fulana ya kijana anayekimbia kwa saa nzima, hakuna tangazo la biashara linaloweza kushindana na hilo. Vyuo vidogo vya binafsi, vilivyojua kwamba watoto wanazidi kupungua nchini humo na wanafunzi watagombaniwa, vilielewa haraka.

Chuo cha Yamanashi Gakuin kilichoko Kofu, mji ulio magharibi mwa Tokyo, kaskazini mwa Mlima Fuji, ndicho kilichothubutu. Januari 1989 kocha Masahito Ueda aliwapanga Wakenya wawili, Joseph Otwori na Kennedy Isena, wanafunzi wa kigeni wa kwanza kukimbia Hakone. Otwori alipewa mkondo wa pili, ule wa nyota wa timu, akawapita watu mmoja baada ya mwingine huku watangazaji wakihangaika kulitamka jina lake. Chuo ambacho klabu yake ya mbio ilikuwa na umri wa miaka michache tu kilitwaa ubingwa 1992, kisha tena 1994 na 1995. Kulikuwa na manung'uniko, kwamba hawa ni mamluki waliovaa sare za shule. Lakini kijana mwingine wa njia hiyo hiyo, Stephen Mayaka, aliyefika Japani 1990, alisoma, akabaki, akachukua uraia na kuwa kocha wa Wajapani. Mamluki hafanyi hivyo.

Otwori na wenzake wa kwanza hawakutoka Nyahururu. Hata Douglas Wakiihuri, aliyewatangulia wote kwa kwenda 1983 kujifunza chini ya kocha Kiyoshi Nakamura katika kampuni ya S&B, alizaliwa Mombasa. Wakiihuri hakuwa mwanafunzi wa shule. Alikuwa mwanagenzi: alimfuata mwalimu mkali, akajifunza lugha yake na namna yake ya kufikiri, na 1987 akashinda marathoni ya ubingwa wa dunia mjini Roma, wa kwanza kwa Kenya. Mwaka uliofuata akapata fedha Seoul. Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kumshawishi mtu yeyote Japani kwamba Mkenya anafundishika.

Nyahururu iliingia kwa sababu ilikuwa tayari. Mji huo, ulioitwa Thomson's Falls hadi baada ya Uhuru, uko karibu kabisa na ikweta na bado una baridi ya kumfanya mtu alale na soksi, kwa kuwa uko juu ya mita 2,300. Ndiko alikotoka John Ngugi, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano na mshindi wa dhahabu ya mita 5,000 Seoul 1988. Kambi za mazoezi zikajaa. Mawakala wakafuata kambi. Kijana akikimbia vizuri siku ya majaribio, mzazi aliitwa, karatasi ikawekwa mezani: karo, bweni, chakula, tiketi. Mzazi aliyekuwa akiuza viazi gunia kwa gunia ili kulipa deni la shule ya msingi hakuhitaji muda mrefu wa kufikiri. Sekondari ya bure ilikuwa Japani.

Mwaka 1993 Eric Wainaina wa Nyahururu alikwenda kuikimbilia kampuni ya Konica. Naye alikuwa mwajiriwa, hakuwa mwanafunzi, ila anakiongea Kijapani vizuri kiasi kwamba hadi leo Wajapani humwalika kwenye mbio za wananchi na vipindi vya televisheni, akiwachekesha kwa lugha yao. Alitwaa shaba ya marathoni Atlanta 1996, akimaliza sekunde nane tu nyuma ya mshindi, kisha fedha Sydney 2000. Nyumbani tunamkumbuka kidogo mno, maana Mkenya wa pili au wa tatu kwetu si habari.

Kuanzia miaka ya 1990 milango ya sekondari ilifunguka. Mashindano ya ekiden ya shule za upili hufanyika Kyoto kila Desemba. Wavulana saba hugawana kilomita 42.195, na tangu 1989 wasichana watano hugawana nusu yake. Sendai Ikuei, shule ya binafsi kaskazini mwa Japani, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuchukua Wakenya. Baadaye hata Sera, shule ya umma katika mji mdogo wa mashambani mkoani Hiroshima, ikafanya vivyo hivyo. Hapo ndipo tunapopata mwanafunzi wa kweli: mtoto aliyefika akiwa hajui neno, na ambaye ana miaka mitatu ya kukaa darasani.

Mwaka wa shule wa Japani huanza Aprili. Alfajiri ni mazoezi, kisha masomo, kisha mazoezi tena, kisha bweni. Herufi za hiragana ni 46, za katakana ni nyingine 46, halafu yanakuja maandishi yenye asili ya Kichina ambayo gazeti la kawaida hutumia takriban elfu mbili. Kusoma ni mlima mkali. Kuongea, kinyume na watu wanavyodhani, si kugumu hivyo kwa mtu wa kwetu. Kijapani kina irabu tano zilezile za Kiswahili, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu. Kina irabu ndefu na fupi zinazobadilisha maana, na kupanda na kushuka kwa sauti. Mambo hayo mtoto aliyelelewa kwa Kikuyu anayo tayari kinywani. Raha zaidi ni kwamba Kijapani hakitofautishi "r" na "l". Kijana wa Nyahururu anayechekwa Nairobi kwa kushrabu, yaani kuchanganya herufi hizo mbili, aliyefanyiwa mzaha na kila mchekeshaji wa nchi hii, anafika Sendai na kukuta taifa zima lina ulimi kama wake.

Adabu nazo hazikuwa ngeni sana. Mdogo humwinamia mkubwa, humfulia, humtangulia kuamka na kumaliza kazi kabla hajaamrishwa. Aliyewahi kuwa mono, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, katika bweni la Kenya anaujua mtindo huo, ingawa huku kwetu huisha kidato cha pili na huko hauishi.

Samuel Kamau Wanjiru alifika Sendai mwaka 2002 akiwa na miaka 15. Alizaliwa Nyahururu 1986, akalelewa na mama peke yake katika umaskini usiofichika. Wanjiru, jina alilolifanya maarufu duniani, ni la mama huyo. Chini ya kocha Takao Watanabe alikuwa mmoja wa vijana walioipa Sendai Ikuei ubingwa wa Kyoto 2003 na 2004. Alihitimu 2005, akajiunga na timu ya Toyota Kyushu iliyofundishwa na Koichi Morishita, mshindi wa fedha ya marathoni katika Olimpiki ya Barcelona. Hebu tazama kilichofuata. Agosti 26, 2005 huko Brussels alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 41.75, rekodi ya dunia ya vijana. Baada ya siku 16, Rotterdam, akavunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni kwa dakika 59 na sekunde 16. Machi 2007 akaishusha hadi dakika 58 na sekunde 33. Desemba ya mwaka huo akakimbia marathoni yake ya kwanza, Fukuoka, akashinda.

Kisha Beijing, Agosti 24, 2008. Joto lilikuwa limepanda na busara ya marathoni ilisema watu watulie hadi kilomita ya 30. Wanjiru aliianza kama mbio za uwanjani, akawachosha wapinzani kwa kuongeza na kupunguza mwendo, na akamaliza kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Rekodi ya Olimpiki iliyokuwepo tangu 1984, saa 2, dakika 9 na sekunde 21 ya Carlos Lopes, ilifutwa kwa karibu dakika tatu. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Kenya katika marathoni ya Olimpiki, miaka 40 baada ya dhahabu za Kip Keino na wenzake katika Olimpiki ya Mexico. Waandishi wa Kijapani walimhoji kwa Kijapani, naye akawajibu bila mkalimani. Alieleza kwamba kitu kikubwa alichokichukua kutoka kwao ni uvumilivu. 

Wengi hulizungumzia anguko lake kana kwamba lilianza na pesa. Mimi naona pia suala la shule. Kijana huyu kuanzia miaka 15 hadi 21 aliishi ndani ya ratiba iliyopangwa na watu wazima, saa ya kula na saa ya kulala, kwa lugha ambayo alikua nayo hadi utu uzima. Alipoiacha Toyota Kyushu Julai 2008 na kurudi Nyahururu akiwa tajiri, hakuna mtu pale aliyekuwa na ratiba ya kumpa. Alishinda London 2009, Chicago 2009 na Chicago tena 2010. Mei 15, 2011 alifariki baada ya kuanguka kutoka roshani ya nyumba yake huko Nyahururu. Alikuwa na miaka 24. Miezi miwili kabla yake tetemeko na tsunami vilikuwa vimelipiga eneo la Sendai alikosomea.

Wengine waliendelea. Bidan Karoki wa Nyandarua alipitia Sera, akaingia S&B, na mwaka 2016 akapata fedha katika ubingwa wa dunia wa nusu marathoni mjini Cardiff. Rosemary Wanjiru alisoma Aomori Yamada, kaskazini kabisa mwa kisiwa kikuu ambako theluji huzika magari, na Machi 2023 akashinda Tokyo Marathon kwa saa 2, dakika 16 na sekunde 28. Vincent Yegon, wa Chuo Kikuu cha Tokyo International, alimaliza masomo akiwa ameweka rekodi za mikondo mitatu tofauti ya Hakone.

Majina haya ni ya waliofaulu. Nyuma yao wapo ambao goti liliwasaliti mwaka wa pili, au muda wao haukushuka, wakarudi na cheti cha sekondari ya Japani ambacho mwajiri wa Nakuru hajui akisome kuanzia kulia au kushoto. Hao wana Kijapani cha miaka mitatu au minne. Serikali yetu hutafuta Wajapani wa kuwekeza na watalii wa kuja kutazama ndege ziwani Nakuru, huku watu wanaoweza kuongea nao kama majirani wakichunga ng'ombe Ol Kalou. Huu ni uzembe, sioni neno la upole zaidi.

Maana siku hizi lugha ya kigeni imekuwa biashara kamili. Egerton ina Taasisi ya Confucius, iliyoundwa pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing, inayofundisha Kichina palepale Njoro alipolima Lord Egerton. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa uhamiaji wa kazi mjini Berlin Septemba 2024, wauguzi wanagombania madarasa ya Kijerumani wafikie kiwango cha B2, na wazazi wanauza shamba kwa ajili ya karo hiyo. Vijana wa mbio walipata masomo ya namna hiyo bila wazazi wao kutoa hata senti. Gharama waliyolipa ilikuwa ya namna nyingine.

Wajapani nao hawakukaa kimya walipoona wageni wakitawala. Kwa miaka mingi mfululizo mkondo wa kwanza wa mashindano ya wavulana huko Kyoto, wenye kilomita 10, ulikuwa wa mwanafunzi wa kigeni, na timu isiyo na Mkenya ilijikuta imeachwa nyuma kabla mbio hazijachangamka. Mwaka 2008 wageni walipigwa marufuku kuukimbia mkondo huo. Timu za makampuni, zinazoshindana kila Januari 1 mkoani Gunma, ziliwatengea wageni mkondo mmoja mfupi kuanzia 2009. Halafu ikaja kanuni iliyoanza kutumika Kyoto 2024: mwanafunzi wa kigeni atakimbia mkondo wa kilomita 3 tu, wa pili au wa tano kwa wavulana, wa tatu au wa nne kwa wasichana. Hoja ya waandalizi ni kwamba mashindano yawe ya watoto wa Kijapani kwanza, na siwezi kusema hawana haki ya kupanga mchezo wao.

Athari yake inaonekana bila kupiga ramli. Shule itakayomlipia mtoto tiketi, bweni na miaka mitatu ya masomo kwa ajili ya dakika nane za Desemba italazimika kufikiri mara mbili. Hakone bado inaruhusu mgeni mmoja kukimbia katika kila timu, mkondo wowote, kwa hiyo macho ya mawakala yanahamia kwa waliomaliza kidato cha nne. Hao watakwenda wakiwa na miaka 18 au 19, miguu imekomaa, na baadhi ya vyuo vinavyowapokea hufundisha hata kwa Kiingereza. Watakimbia vizuri kama waliowatangulia, pengine kuwazidi. Ila aliyefika akiwa na miaka 15 alipelekwa kwenye Kijapani na kila kitu kilichomzunguka, mwalimu, mpishi wa bweni, rafiki wa kitanda cha juu, na hakuwa na lugha nyingine ya kukimbilia. Wa sasa anayo.